Mapigo ya moyo yakiwa chini: lini utulie, lini uende hospitali

Mashine ya presha hutoa namba tatu. Mbili za juu kila mtu anazijua na anazitangaza: "Mia na thelathini kwa themanini, niko poa." Ya tatu, ile ya chini kabisa yenye kamchoro ka moyo pembeni, hakuna anayeiuliza mpaka siku itokee 52 au 47. Hapo mteja anashika kifua. Nimepima watu presha kwa miaka kwenye kaunta ya duka la dawa hapa Dar es Salaam, na swali linalorudi kuhusu namba hiyo ni moja: "Ina maana presha yangu inashuka?"

Hapana. Presha ni nguvu ambayo damu inasukuma nayo kuta za mishipa. Namba ya tatu ni idadi ya mapigo ya moyo kwa dakika. Vitu hivi viwili vinaweza kwenda pamoja na vinaweza kupishana kabisa. Anakuja dada mwenye mapigo 50 na presha 118/74, buheri wa afya. Anafuata kijana anayeharisha tangu jana, mapigo 115, presha 85/50, na huyo ndiye wa kukimbizwa hospitali. Kwa hiyo ile tiba ya mtaani ya "presha ya kushuka", soda na kulamba chumvi, usimpe mtu eti kwa sababu mapigo yake yako chini. Mbele kidogo utaona inavyoweza kumharibia.

Kawaida ya mtu mzima aliyetulia ni mapigo 60 hadi 100. Hiyo 60 isikutishe sana. Watu wengi wenye afya kabisa wanaishi kwenye 50 na kitu, na madaktari wa moyo huanza kuuliza maswali mengi zaidi yakishuka chini ya 50. Usingizini, 40 na kitu si ajabu, hasa kwa kijana. Mimi nakimbia na kikundi cha jogging cha mtaani kwetu kila Jumapili, na asubuhi kabla sijanyanyuka kitandani mapigo yangu yanacheza kwenye 50. Sina wasiwasi nayo. Moyo uliozoeshwa kazi husukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mtu aliyetulia anahitaji kama lita 5 za damu kwa dakika: mapigo 70 yenye mililita 70 kila moja yanakufikisha hapo, na mapigo 50 yenye mililita 100 yanakufikisha palepale. Miguel Indurain, Mhispania aliyeshinda mbio za baiskeli za Tour de France mara tano mfululizo, 1991 hadi 1995, alitajwa kuwa na mapigo 28 akiwa amepumzika.

Tatizo ni kwamba sifa hii tunaigawa ovyo. Mzee wa miaka sabini ambaye hajakimbilia hata daladala miaka mingi anaambiwa "una moyo wa mwanariadha" kwa kuwa mashine imesoma 40. Hapo sicheki.

Baba yangu mdogo yuko Morogoro, mkulima, mtu wa kuamka alfajiri. Alianza kwa kuchoka. Akienda shamba anasimama njiani mara kwa mara. Baadaye hata kutoka chumbani hadi barazani anapumzika. Nyumbani wakasema uzee. Akaanguka bafuni, akaamka mwenyewe, akakataa katakata kwamba alizimia: "Niliteleza tu." Presha yake ilikuwa ikipimwa inakuja 170 kwa 65, hivyo maneno yote yakawa presha ya kupanda, apunguze chumvi, vidonge viongezwe. Namba ya tatu, 36, ilikuwamo kwenye daftari lake la kliniki, imeandikwa vizuri kwa kalamu ya bluu, tena zaidi ya mara moja. Haikuwa na duara, haikuwa na alama ya kuuliza.

Nilipokwenda kumsalimu nilimshika kiganja nisikiachie.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Mbona unanishika kama mgonjwa?"

Pigo. Kimya. Pigo. Nikamwomba tutembee hadi kwenye mwembe na kurudi. Pumzi zilimwishia, jasho likamtoka, lakini mapigo yalibaki palepale yalipokuwa. Kwangu hilo liliniogofya kuliko hiyo 36 yenyewe. Moyo wenye afya ukipewa kazi unaongeza kasi. Mimi nikipanda ngazi za ghorofa mbili nafika 100 nipende nisipende, hata kama niliondoka na 50. Wake haukuitika.

ECG, kile kipimo kinachochora umeme wa moyo kwenye karatasi, ilieleza yote. Umeme wa moyo huanzia kwenye kituo kidogo kilichoko chemba ya juu ya kulia, hushuka kupitia kituo cha pili katikati, ndipo chemba za chini zinasukuma damu. Kwake njia ya katikati ilikuwa imekatika. Chemba za juu zilikuwa zinapiga kwa kasi ya kawaida, za chini zinajiendea zenyewe polepole bila kupata habari. Na ile presha ya 170? Chemba ya chini ikipata muda mrefu wa kujaa, inasukuma mzigo mkubwa kwa pigo moja, na namba ya juu inapanda. Mtu kama huyo ukimlambisha chumvi unamwongezea presha. Ukimpa vidonge vya presha vya aina inayopunguza mapigo, unaukaba zaidi moyo ambao tayari unakwenda kwa shida.

Aliwekewa betri ya moyo. Ni kifaa kidogo kinachoenea kiganjani, kinapachikwa chini ya ngozi karibu na mtulinga kwa ganzi ya sehemu ile tu, na waya unapitishwa ndani ya mshipa wa damu hadi moyoni. Nyumbani hofu ilikuwa kubwa, shangazi akiuliza kama betri ikiisha mtu naye anaisha. Betri hudumu miaka mingi, mara nyingi hukaribia kumi au kuzidi, nayo hupimwa kliniki na kifaa hubadilishwa kabla haijaisha. Nilimsimulia habari za Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza duniani kupandikizwa kifaa hicho, mwaka 1958. Alibadilishiwa vifaa 26 na akafariki mwaka 2001 akiwa na miaka 86. Shangazi akasema basi huyo aliwazika madaktari wake. Baba mdogo masharti yake ni machache: simu asiiweke mfuko wa shati upande wa kifaa, kadi yake aitembeze, na kliniki asikose.

Kwa wateja wangu, lakini, mapigo yakishuka mshukiwa wa kwanza ni dawa. Atenolol, bisoprolol, carvedilol, propranolol: zote zinapunguza kasi ya moyo, ndiyo kazi yake. Verapamil na digoxin nazo vilevile. Kuna moja watu hawaihesabu kuwa dawa: matone ya timolol wanayopewa wenye presha ya macho. Yanaingia kwenye damu kupitia jichoni na puani, na mzee anayemeza atenolol huku anadondosha timolol usiku anaweza kushuka hadi kuanza kizunguzungu. Propranolol nayo watu wanaazimana kwa ajili ya kutetemeka kabla ya usaili au hotuba. Mwenye pumu akiazimwa hiyo anaweza kubanwa kifua vibaya sana.

Ukigundua dawa ndiyo inayokushusha, usiiache ghafla nyumbani. Dawa za kundi la atenolol zikikatwa mara moja, moyo unaweza kurudi kwa kasi na presha kuruka, na mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo anaweza kupata shambulio. Rudi kwa aliyekuandikia, apunguze au abadilishe yeye.

Sababu nyingine nazitaja kwa ufupi. Tezi ya thairoidi ya shingoni ikilegea, mapigo hushuka na mtu huhisi baridi, hunenepa, hufunga choo, husinzia. Kipimo cha damu kinaonyesha. Mgonjwa wa figo aliyelundikiwa madini ya potasiamu kwenye damu anaweza kushuka vibaya, na hiyo ni dharura. Homa ya matumbo ina tabia ya kumfanya mtu achemke huku mapigo hayapandi inavyotarajiwa. Na kwa wanaopulizia dawa mashambani: mtu aliyetoka kupulizia, mate yanamtoka, jasho linamchuruzika, mboni zimekuwa ndogo na mapigo yako chini, huyo amepata sumu. Mvue nguo zile, muoshe kwa maji na sabuni huku wewe umevaa glavu, apelekwe hospitali pamoja na chupa au lebo ya dawa. Aliyegonga kichwa naye, mapigo yakianza kushuka huku anazidi kusinzia, hasubiri kukuche.

Kabla ya hayo yote, pima vizuri. Kaa dakika tano, usiwe umetoka tu kunywa kahawa wala kuvuta sigara. Weka kidole cha shahada na cha kati kwenye kifundo cha mkono, upande wa chini ya kidole gumba, uhesabu dakika nzima. Gumba usilitumie, lina mapigo yake. Kile kifaa cha kubana kidoleni husumbuliwa na rangi ya kucha, piko na vidole vya baridi, na saa janja iliyolegea mkononi nayo hubahatisha. Halafu kuna mapigo ya ziada yanayokuja mapema, dhaifu, yasiyofika mkononi: mashine inasoma 40 kumbe moyo unapiga 80. Hata vidole vinaweza kuyakosa. Ukihisi mdundo hauna mpangilio, ECG ndiyo itakayomaliza ubishi.

Haya ninayosema ni ya watu wazima. Mtoto mchanga mwenye mapigo chini ya 100 ni wa kukimbizwa.

Mtu mzima akiwa chini ya 50 na ana kizunguzungu, uchovu mpya au pumzi inamwishia kwa kazi aliyokuwa akiimudu, aende kituo cha afya siku hiyohiyo. Asiye mwanamichezo akiwa chini ya 40 na yuko macho, aende hata kama hajisikii vibaya. Akizimia, akibanwa kifua, akichanganyikiwa au kutoka jasho la baridi, ni dharura. Mlaze, inua miguu kidogo, tafuta gari. Bodaboda hapana, hata akikaa katikati ya watu wawili, kwa sababu akizimia tena njiani mtaanguka wote.

Beba dawa zote unazotumia, pamoja na matone ya macho na za kienyeji. Omba ECG. Ikitoka safi na bado unazimia, uliza kuhusu kile kipimo cha kuvaa saa 24, kwani hitilafu nyingine huja na kuondoka. Na ukishapewa karatasi ya ECG ipige picha kwa simu palepale. Nyingi huchapwa kwenye karatasi ya aina ya risiti, hufifia, na miaka miwili baadaye daktari akitaka kulinganisha atakuta karatasi nyeupe.