Nani aliyemfundisha mtoto kufungua soketi?

Mmeuliza wiki hii: je, vifuniko vya plastiki vya soketi vinawalinda watoto wadogo kweli? Swali limenichoma, maana nusura nimpoteze mjukuu wangu, na aliyemfundisha kuifungua soketi ni mimi.

Zilikuwa siku za Maulidi, nyumba yetu ya Langoni imejaa wageni hadi darini, na kila mgeni na simu yake. Mpwa wangu anayeishi Uingereza alikuja na vifuniko, akavipachika kwenye kila soketi ya chini. Nilimwombea dua. Mchana ule nikatoa kimoja nimchomekee mgeni chaja yake ya miguu miwili. Mnajua tunavyofanya: unasukuma kijiti kwenye tundu la juu, matundu mawili ya chini yanafunguka, chaja inaingia. Mimi nilitumia mswaki. Mtoto, wa miaka miwili na nusu, alichuchumaa ubavuni mwangu akitazama.

Baada ya alasiri nilimkuta pale pale, peke yake. Chaja imeshaondoka, kifuniko nilikisahau mkekani. Amekigeuza juu chini, akautia ule mguu wake mrefu kwenye tundu la juu, kama bibi na mswaki wake. Chini yake matundu mawili yako wazi, shaba inang'aa ndani. Swichi imewashwa, kile kitaa chekundu kinawaka. Na mkono wa pili ameshika pini ya mtandio wangu, ile yenye kichwa cha lulu. Sikupiga kelele, nilichelea asije akashtuka akaichomeka. Nikamwita taratibu, "Njoo baba, nipe pini yangu." Akaja. Nikakaa chini, miguu haina nguvu.

Fundi wa stima akanieleza. Soketi zetu hizi za miguu mitatu zinafuata kiwango cha Uingereza cha mwaka 1947, na ndani zina vilango vya plastiki vinavyofunguliwa na mguu mrefu wa ethi, ule unaoingia tundu la juu. Ulinzi umo tayari. Kifuniko kikigeuzwa kinakuwa ufunguo, na nyuma yake mna volti 240. Mpwa wangu naye, aliporudi kwake, alinipigia: mwaka 2016 Wizara ya Afya ya huko iliagiza viondolewe hospitalini na kwenye nyumba za kulelea watu.

Nilianza kuandika nikitaka kusema vitupwe vyote. Sasa nasita. Zipo soketi kuukuu na ekstensheni za bei rahisi zisizo na vilango kabisa, na mwenye mtoto anayetambaa siwezi kumwambia aache matundu wazi, ingawa dawa yake hasa ni kuzibadilisha. Basi kwangu nimevitoa vyote isipokuwa kimoja, cha soketi kuukuu ya darini, hadi fundi aje aing'oe. Na mgeni mwenye chaja ya miguu miwili namwazima adapta.