Maswali ya Wasomaji: Kwa nini wizi wote ni wa shilingi 39?

SWALI: Napitia kumbukumbu za mahakama ya Old Bailey, London, za miaka ya 1780. Wanawake kadhaa waliosafirishwa hadi Australia wametiwa hatiani kwa wizi wa "shilingi 39". Mbona bei ni ileile? Na muda wao ulipokwisha, kwa nini wengi hawakurudi kwao?
Msomaji, Tanga

JIBU: Hiyo si bei ya mali, ni kamba iliyokatwa shingoni. Aliyeiba ndani ya nyumba ya watu mali ya shilingi 40 au zaidi alistahili kunyongwa; kwa wizi wa kuchopoa dukani, kiwango kilikuwa shilingi 5 tu. Basi juri, wale wananchi 12 wa kuamua hatia, wakaishusha thamani makusudi: vya nyumbani shilingi 39, vya dukani shilingi 4 na peni 10. (Peni 12 ndizo zilizofanya shilingi, kwa hiyo hapo wamepunguza peni mbili tu!) Soma kwanza mashtaka yenyewe, maana bei aliyotaja mwenye mali iko huko. Ukiishika ile ya hukumu utadhani hariri ya London iligawiwa bure.

Unyang'anyi haukuwa na mwanya huo, kwa kuwa thamani haikuhesabiwa. Mary Wade, mtoto aliyemvua mtoto mwenzake nguo, alihukumiwa kifo Januari 1789. Kilichomwokoa ni msamaha wa mfalme, akapakiwa kwenye meli ya Lady Juliana pamoja na wanawake zaidi ya 200. Walifika Sydney Juni 1790, baada ya karibu mwaka mzima safarini.

Wizi wa kawaida ulikuwa miaka 7. Waliosamehewa kitanzi na mfalme mara nyingi walipewa 14 au maisha. Kurudi kabla ya muda kulikuwa kosa la kunyongwa. Baada ya muda kisheria njia ilikuwa wazi, ila serikali ilishalipa nauli ya kwenda tu. Mwanamume aliweza kujiandikisha ubaharia akarudi kwa jasho lake. Mwanamke hakuajiriwa hivyo, na wengi walishaolewa na kuzaa hukohuko.

Ukiendelea kutafuta majina, ruka Australia Magharibi: wafungwa waliopelekwa huko kati ya 1850 na 1868 walikuwa wanaume watupu. Wanawake, takriban 25,000 kwa jumla, walikwenda New South Wales na Tasmania, ambayo kwenye makaratasi ya wakati huo utaikuta kwa jina la Van Diemen's Land.