Afande anatukimbiza kila asubuhi, miguu imechoka: wasomaji wanauliza kuhusu PT (mazoezi ya viungo) kikosini

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mimi ni koplo kwenye batalioni ya askari wa miguu na ndio nasimamia PT ya platuni yetu. Kila siku alfajiri kombania nzima tunapiga mchakamchaka kilomita 8, nyimbo juu, anayebaki nyuma anapigishwa pushapu. Sasa vijana kibao wanalalamika ugoko, wengine wameshaandikiwa kazi nyepesi na daktari, halafu juzi tulivyotoka na mabegi wale wanaoongoza mbio ndio wakawa wa kwanza kuishiwa nguvu. Afande wa kombania anasema ni uvivu tu. Nimwambieje?

JIBU: Marahaba koplo. Huo sio uvivu kabisa, na naomba hao wa ugoko uwaangalie leo hii, usisubiri wiki ijayo. Mwaka 1855 daktari wa jeshi la Prussia, Breithaupt, aliandika kuhusu askari waliovimba nyayo baada ya matembezi marefu, na eksirei zilivyokuja baadaye ikaonekana kumbe ni mfupa umepata ufa. Mfupa unajijenga ukipewa mzigo, ila unajijenga wakati wa kupumzika, sasa wewe unaugonga kila asubuhi kwa umbali uleule bila kuupa nafasi, utajijenga saa ngapi? Kijana ambaye ukimbonyeza ugoko anaumia sehemu moja ndogo tu kwenye mfupa, au anaumia hata akiwa amelala, huyo asikimbie tena mpaka daktari amwone. Ukimlazimisha, ufa unaweza kuwa mvunjiko kamili na utamkosa miezi, sio siku.

Turudi kwenye mchakamchaka. Mimi naupenda, unaunganisha watu, kombania ikiimba pamoja hata mgeni anajua hawa ni kitu kimoja. Lakini kama zoezi la stamina una shida moja kubwa, mwendo ni mmoja kwa watu wote, aliye fiti hachoki na aliye chini anakufa, halafu wale wafupi wakiwekwa nyuma wanavuta hatua ndefu kuliko miguu yao ili wasiachwe, hapo nyonga na ugoko lazima vilie. Ubakize mara moja kwa wiki, wafupi wakae mbele. Siku nyingine ya mbio gawa watu kwa uwezo wao, wapige mita 400 kwa kasi halafu watembee, warudie, kila kundi na mwendo wake. Umbali utapungua na pumzi itaongezeka, niamini.

Na hilo la mabegi halinishangazi hata kidogo. Kijana wa kilo 58 anapepea kwenye mbio, ila ukimtwisha kilo 30 amebeba zaidi ya nusu ya uzito wake, pale kinachotakiwa ni mgongo, mapaja na nyonga, na pushapu hazimpi hivyo. Jeshi la Marekani lilikaa tangu 1980 na kipimo cha pushapu, sit-apu na maili 2, ikafika karibu miaka 40 ndio wakaongeza kunyanyua na kukokota vitu vizito. Uingereza askari wa mapigano ya karibu anapimwa kilomita 4 na kilo 40 mgongoni ndani ya dakika 50, na humohumo kwenye kipimo kuna kumkokota majeruhi wa kilo 110. Kwahiyo vijana wako wanyanyue: mifuko ya mchanga, madumu ya maji, mwenzake begani, mara mbili kwa wiki. Safari ya mabegi mara mbili kwa mwezi inatosha, na ukiongeza kilo usiongeze kilomita siku hiyohiyo. Afande usimwambie amekosea, mpelekee orodha ya wanaougua wiki hadi wiki, hesabu ya watu walio tayari kwenda uwanjani ndiyo lugha anayoielewa.

SWALI: Mwalimu, kwetu siku ya michezo wanacheza walewale wa timu ya batalioni, sie wengine tunashangilia. Hivi michezo jeshini ina faida gani kweli?

JIBU: Ina faida kubwa, ila kwa anayecheza. Baraza la kimataifa la michezo ya majeshi, CISM, lipo tangu 1948, na pentathloni yao ya kijeshi ni kulenga shabaha mita 200, njia ya mita 500 yenye vikwazo 20, kuogelea kwenye vikwazo mita 50, kurusha guruneti na mbio za nyika, yaani kazi ya askari imegeuzwa mashindano. Timu ya batalioni iwepo, sina ugomvi nayo. Lakini mashindano ya ndani yawe ya platuni kwa platuni na pointi zihesabiwe kwa wote, mfano mbio za nyika mpange kwa muda wa mtu wa mwisho kufika, hapo utaona wenye kasi wanavyorudi kumsukuma mwenzao. Kuvuta kamba nako kuzuri sana, kunaingiza wale wazito ambao mpira umewaacha nje.

SWALI: Tukimbie na buti au raba?

JIBU: Raba kwenye mbio, buti kwenye mabegi na vikwazo. Buti mpya zivaliwe kwanza kwenye kazi za kawaida kambini mpaka zilainike, usitoke nazo safari ndefu siku ya kwanza, na soksi ya akiba ikae kavu juu kabisa ya begi.