Jibu: Wachezaji wa Cunningham walifuata nini kama si muziki?

Mkuu, umeuliza kundi la Merce Cunningham, mtunzi wa dansi wa Marekani, lilichezaje muziki ambao wachezaji hawajawahi kuusikia. Kwa kifupi, hawakuufuata. Cunningham na mtunzi wa muziki John Cage walikubaliana urefu wa onyesho, kisha kila mmoja akaenda kufanya kazi yake. Mazoezi yalikuwa kimyakimya, saa ya kupimia sekunde mkononi, mpaka kasi ikae mwilini. Jukwaani walisomana kwa macho na pumzi. Kosa la wageni ni sikio: ukianza kuvutwa na mdundo unaotoka spika, unawahi au unachelewa sekunde mbili, na mwenzako aliyekuja kukudaka anadaka hewa.

Tazama dansi yake Split Sides ya 2003, iliyopigiwa muziki na bendi za Radiohead na Sigur Rós. Dansi, muziki, pazia la nyuma, mavazi na taa, kila kimoja kilitengenezwa mara mbili, halafu dadu zikarushwa kuamua kipi kitangulie. Hapo unapata mipangilio 32. Mimi nawahurumia zaidi mafundi mitambo, maana lazima wawe tayari kwa yote.