Soma Lebo Kabla ya Kupaka

Miaka michache iliyopita nilinunua hapa Kisumu tyubu ndogo ya krimu ambayo muuzaji aliniahidi ingeondoa madoa yaliyoachwa na chunusi. Wiki mbili za kwanza uso ulitakata. Kufikia mwezi wa tatu, ngozi ya mashavu ilikuwa nyembamba, jua la saa sita liliichoma kama pilipili, na kila nilipoacha kupaka, mapele yalirudi kwa wingi kuliko awali. Daktari wa ngozi aliigeuza ile tyubu na kuweka kidole kwenye maneno mawili yaliyochapwa kwa herufi ndogo mno: Clobetasol propionate. Hiyo ni steroidi kali, dawa ya maradhi ya ngozi kama soriasisi, hutumiwa kwa muda mfupi na kwa maelekezo ya daktari.

Tangu hapo sinunui chochote kisichoorodhesha viungo vyake. Viungo hupangwa kwa uzito, kilicho kingi kikitangulia, isipokuwa vile visivyofika asilimia 1, ambavyo huweza kufuatana vyovyote mwishoni. Kwa hiyo kopo likijinadi kwa picha kubwa ya mshubiri, ilhali Aloe barbadensis imetajwa baada ya Parfum, yaani manukato, jua kwamba mshubiri uliomo ni haba. Aqua ni maji tu, na Butyrospermum parkii ni siagi ya shea. Gliserini huvuta maji kwenye ngozi, nayo Petrolatum, jeli ile ile tuliyopakwa utotoni, huyazuia yasitoke, ndiyo maana hufaa zaidi ikipakwa mwili ungali na unyevu wa kuoga.

Majina ya kuogopa ni Hydroquinone, kemikali ya kung'arisha ngozi, na zebaki, ambayo huandikwa Mercury, Mercurio au Calomel. Vipodozi vyenye viambato hivyo vimepigwa marufuku Kenya, lakini bado huuzwa kichinichini. Zebaki hupenya ngozi na kudhuru figo, na hata mtoto anayekumbatiwa na mama aliyejipaka huweza kuathirika.

Ikiwa tayari unatumia krimu yenye steroidi, tafadhali usiikatize ghafla. Nenda kwa daktari ukiwa na tyubu yenyewe mkononi. Mimi nilipunguziwa kidogo kidogo kwa wiki kadhaa, na muda huo wote sikupaka kingine usoni ila jeli isiyo na manukato.