Kuhesabu kwa Kigiriki: tatizo si kumi za kwanza

Unasema umeshakariri ena, dio, tria, tessera, pente, exi, efta, okto, ennia, deka, lakini ukiagiza kitu mkahawani unasahihishwa. Ni kwa sababu moja, tatu na nne hubadilika kufuata jinsia ya nomino. Kahawa ni ya kiume: enas kafes. Bia ni ya kike: mia bira. Maji hayako upande wowote: ena nero. Ukitaka tatu: tris kafedes, tris bires, tria nera. Mbili haibadiliki, wala tano hadi kumi.

Sisi hili halitutishi kabisa! Tunasema watu watatu, viti vitatu, ila watu sita, viti sita. Kwa hiyo jifunze namba pamoja na kitu chake, usiikariri peke yake.

Kwenye bei uko salama, evro (yuro) haina jinsia ya kiume wala ya kike: tria evro, dekatria evro. Mia mbili ni diakosia evro, lakini siku mia mbili ni diakosies meres, kwani siku ni ya kike.

Saa nayo ni ya kike, na hapo kuna mtego kwetu. "Stis tris" ni saa tisa yetu, si saa tatu. Ukiambiwa "trisimisi" mchana, fika saa tisa na nusu.

Anza na bei za sokoni, ukizisoma kwa sauti. Namba za simu ziache baadaye, Wagiriki wengi huzitaja mbili mbili na kwa kasi.