Kishikwambi au laptop kwa anayefanyia kazi za ofisi nyumbani mara moja moja? Jibu langu kwa mwenye laki nane

Mkuu, nimesoma swali lako. Bosi amekuruhusu ubaki nyumbani siku moja moja, hasa mwisho na mwanzo wa mwezi, ili usimalizikie kwenye foleni ya Mbagala hapa Dar. Una laki nane. Kazi yako ni mishahara na ritani za kodi. Roho inataka kishikwambi kwa sababu ni chepesi, kinakaa na chaji, na watoto watapata katuni zao. Wachangiaji wa juu wanarushiana maneno kuhusu Samsung na Apple, na mmoja amekushauri uongeze pesa mpaka milioni mbili, kana kwamba hakusoma ulichoandika.

Mimi pia ni mhasibu, na kazi za nyumbani nazijua: usiku, watoto wamelala, simu imewashwa hotspot. Kwangu kuna laptop ya mtumba na kishikwambi pia, kwa hiyo sina chapa ya kutetea.

Kabla ya kutaja kifaa chochote, fungua barua pepe zako uangalie mafaili ya mwisho yaliyokufuata nje ya saa za kazi. Uliyasoma ukajibu "sawa, endeleeni", au ilibidi uingie ndani uandike, ufute, ujumlishe, kisha urudishe? Mkurugenzi wetu hana laptop nyumbani na hajawahi kukwama. Anafungua ripoti kwenye kishikwambi, anazungushia duara jekundu kwa ile kalamu yake, anasaini, anatuma. Basi. Lakini lile duara jekundu likishatua kwangu, anayelihangaikia ni mimi, na sijawahi kulimaliza bila laptop. Wa kuidhinisha anatoshwa na kishikwambi. Wa kutengeneza hatoshwi, na wewe, kwa maelezo yako mwenyewe, ni wa kutengeneza.

Chukua kazi yako halisi. PAYE (kodi ya mishahara) na SDL (tozo ya kuendeleza ufundi stadi) zinatakiwa tarehe 7, VAT tarehe 20. Tuseme tarehe 6 usiku uko nyumbani, HR amekutumia orodha mpya kwa sababu kuna mtu aliachwa. Una faili la Excel lenye karatasi kama sita zinazovutana, taarifa ya benki ya kulinganisha nayo, na tovuti ya kodi inayokusubiri upakie. Kishikwambi kitalifungua faili, hilo sikatai, na fomula zitapiga hesabu vizuri. Tabu inaanza kwenye mikono. Kuchagua safu mia tatu kwa kidole, kunakili kutoka faili moja kwenda jingine, kubandika thamani bila fomula, kurudi nyuma ulipokosea: kila kitendo ambacho kwenye laptop ni vibonye viwili, huku ni kubonyeza, kushikilia, kusubiri menyu, kubonyeza tena. Na kama faili lenu la mishahara linaendeshwa na makro, yaani amri zinazojiendesha zenyewe ndani ya Excel, kama yalivyo mengi niliyokutana nayo, usihangaike. Makro za Excel hazifanyi kazi kwenye kishikwambi, iwe Android au iPad. Ofisi zinazotumia Tally ndiyo kabisa, ile ni programu ya uhasibu ya Windows.

Kuna jambo jingine ambalo wauzaji hawakwambii. Microsoft wanaruhusu kuhariri Word na Excel bure kwenye kifaa chenye kioo kisichozidi inchi 10.1. Kikizidi hapo, unatakiwa uwe na usajili wa kulipia wa Microsoft 365. Sasa fikiria: mtu anaona Excel inabana kwenye kioo kidogo, anaongeza hela achukue cha inchi 11 au 12, akifika nyumbani anaambiwa alipie ndipo aandike. Kama ofisi yenu ina usajili huo, ingia kwa akaunti ya kazini na tatizo limekwisha. Kama hamna, hesabu gharama hiyo mapema, au hamia Google Sheets ukubali kwamba baadhi ya mafaili yatabadilika sura ukiyahamisha.

Halafu kibodi. Hakuna anayeandaa mishahara kwa kibodi ya kwenye kioo wiki mbili bila kuichukia. Utanunua kibodi ya kubandika, kisha mouse, kisha stendi. Jumlisha. Umeshafika bei ya laptop ya mtumba, na mkononi una kitu ambacho ukikiweka mapajani kinaanguka.

Pamoja na hayo, upande mmoja kishikwambi kinaishinda laptop waziwazi, na nashangaa hakuna aliyeutaja: hilo neno "mara moja moja". Laptop isiyoguswa kwa wiki tatu ina tabia mbaya. Unaifungua ukiwa na haraka, betri imekauka. Ukichomeka umeme, Windows inakumbuka apdeti zote ilizokosa, inaanza kuzivuta kwa nguvu, na kwa kuwa umeunganisha hotspot ya simu, yenyewe inadhani ni WiFi ya kawaida. Bando la gigabaiti kadhaa linapotea kabla hujafungua barua pepe moja. Kisha inaomba kujizima na kuwaka, inakaa kwenye asilimia 30 huku bosi anapiga simu. Kishikwambi hakina mambo hayo. Unakigusa, kinaamka. Kama kina sehemu ya laini, hata hotspot huhitaji. Umeme ukikatika, pawabenki ya simu inakitosha.

Kwa hiyo ukichukua laptop, na ndiyo nakushauri uichukue, ijengee tabia. Kwenye mipangilio ya WiFi, kwenye jina la hotspot yako, washa ile sehemu inayoiambia Windows kwamba muunganisho huu unapimwa, yaani "metered connection". Apdeti nyingi zitasubiri. Kisha kila baada ya wiki moja hivi ipeleke kazini au popote penye WiFi ya bure, iache ikiwaka wakati wa chakula cha mchana ivute inachotaka. Jioni ya kabla ya siku yako ya kubaki nyumbani, iwashe dakika kumi uone kama kila kitu kinafunguka. Mikutano ya video pia inakula sana, ya saa moja inaweza kufikia gigabaiti nzima au kupita, kwa hiyo mimi huingia kwenye Teams kwa simu na kuacha laptop ifanye kazi. Kamera ya simu yenyewe ni nzuri kuliko ya laptop nyingi za mtumba.

Kuhusu watoto, hapa nitakuwa mkali kidogo. Faili la mishahara lina majina, mishahara na namba za akaunti za watu. Tanzania sasa ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, ilipitishwa 2022 na kuanza kutumika Mei 2023. Hata kama isingekuwepo, hutaki mtoto wa miaka mitano aliyekuwa anatafuta katuni awatumie ndugu wa WhatsApp mshahara wa dereva wenu. Kwenye laptop watengenezee watoto akaunti yao, ya kwako iwe na nywila. Vishikwambi vingi vya Android vinakubali watumiaji zaidi ya mmoja, lakini iPad ya nyumbani haina hiyo, anayeifungua anakuta kila kitu.

Mke wangu ni mwalimu, na ni mmoja wa waliopata vile vishikwambi vya sensa ya 2022 vilivyogawiwa walimu baada ya zoezi kwisha. Anakipenda. Anasomea mihtasari, anaingiza taarifa za wanafunzi, anapiga picha za madaftari, anahudhuria semina. Muhula ukifika mwisho na mtihani wa hisabati unatakiwa uchapwe, wenye sehemu kama nusu na robo, vipeo na michoro ya pembetatu, ananipokonya laptop bila kuomba. Huo mfano unanitosha kuliko mapitio yote ya YouTube.

Sasa kwa laki nane yako. Usinunue laptop mpya ya bei hiyo. Nyingi zake zina prosesa dhaifu na RAM ya GB 4, zitakuzeesha. Tafuta mtumba wa kiofisi, zile zilizotumiwa na makampuni ya nje: ThinkPad T480, HP EliteBook 840 G5, Dell Latitude 7490. Nimezitaja hizi kwa sababu nyingi zina prosesa za Intel za kizazi cha nane, na hapo ndipo Windows 11 inapoanzia kukubali. Windows 10 iliachwa na Microsoft tarehe 14 Oktoba 2025, na mtaani bado kuna T470 na 840 G3 nyingi zinauzwa kwa maneno matamu. Muuzaji akikwambia "hii nimeshaiwekea 11", muulize prosesa ni kizazi gani. Ukiona i5-6300U au i5-7300U, hizo ni za kizazi cha sita na cha saba, rudisha. Chukua RAM GB 8, na SSD, ile diski ya kasi, siyo HDD ya kizamani, hata kama SSD ni ya GB 256 tu.

T480 naipenda kwa sababu ina betri mbili, moja ndani na moja nyuma unayoichomoa kwa mkono, kwa hiyo ya nyuma ikichoka unabadilisha bila fundi. Inachaji pia kwa USB-C.

Ukiwa dukani usiridhike na kuona inawaka. Fungua Command Prompt, andika powercfg /batteryreport, kisha fungua faili litakalotengenezwa. Linganisha uwezo wa betri ilipokuwa mpya na uwezo wake wa sasa. Ikiwa imeshuka chini ya nusu, punguziwa bei au ubadilishiwe. Ingia BIOS, yaani mipangilio inayofunguka kabla ya Windows kuwaka, uone kama haina nywila ya kampuni ya zamani. Waambie waifute kabisa na kuianzisha upya mbele yako ikiwa kwenye intaneti: kama bado imefungwa na mwenye nayo wa kwanza, itakuletea jina la kampuni isiyokuhusu na kudai akaunti yao. Hapo ondoka, hata bei iwe ya kutupa. Jaribu kila kitufe cha kibodi, kila tundu, na kamera.

Utabakiwa na chenji. Nunua mouse, na siyo zaidi.

Kwa wengine mnaosoma ambao kazi yenu kweli ni kusoma, kujibu na kusaini, chukueni kishikwambi kwa amani. Ila muepuke vile vya maboksi yenye rangi nyingi vinavyojitapa RAM ya GB 12 na hifadhi ya GB 512 kwa bei ya simu ya kitochi. Kama kina sehemu ya laini, piga *#06# upate IMEI, namba ya utambulisho wa kifaa, itume kwenda 15090, uone jina litakalorudi kama ni la kifaa ulichoshika.

Na aliyependekeza Surface Pro ya mtumba, kile kishikwambi cha Microsoft, ili apate vyote viwili: wazo si baya, ni Windows kamili na ni nyepesi. Ila awe anachukua Surface Pro 6 kwenda juu, ile ya 2017 Windows 11 haiikubali rasmi. Ahakikishe anapewa na kibodi yake, maana mara nyingi inauzwa peke yake. Na betri yake imegandishwa kwa gundi nyuma ya kioo, mafundi wengi wanapoifungua kioo kinapasuka. Kwa mtu wa mishahara anayetaka kifaa cha kudumu miaka mitatu, mimi bado ningempa T480.